Hitilafu za Muunganisho wa Wakala katika Mtandao wa Tor: Utaratibu wa Uchunguzi kwa Watumiaji wa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kuchunguza hitilafu za muunganisho wa wakala katika mtandao wa Tor, kwa kuzingatia mazingira ya watumiaji wa pembezoni mwa Dar es Salaam, hususani Manispaa za Kinondoni na Temeke. Hoja kuu ni kwamba ujumbe unaosema wakala amekataa muunganisho, ambao mtumiaji wa kawaida huuona kuwa ni ubovu, mara nyingi ni ushahidi kwamba kinga inafanya kazi: kivinjari kimekataa kutoka nje bila kifuniko. Kwa hiyo, kosa kubwa katika utatuzi wa hitilafu hizi ni kumuunganisha mtumiaji kwa njia inayomfichua, kosa linalozidi kwa mbali lile la kumwacha bila intaneti. Makala inabainisha mawakala wawili wanaochanganywa mara kwa mara, inapendekeza mpangilio wa hatua za uchunguzi kuanzia kifurushi cha data hadi udhibiti wa mtandao, na inajadili tiba za haraka zinazopaswa kuepukwa.

1.0 Utangulizi

Katika mitaa ya Mbagala, Chamazi na Tandika upande wa Temeke, na Bunju na Wazo upande wa Kinondoni, njia kuu ya kuingia katika intaneti ni simu ya mkononi inayotumia kifurushi cha data. Laini ya simu hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole. Usajili huo ulianza Mei 2019, na tarehe ya mwisho iliyotangazwa ilikuwa 20 Januari 2020, baada ya hapo laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa. Matokeo yake ni kwamba kila muunganisho unaotoka katika simu unaweza kuhusishwa na jina, namba ya kitambulisho cha taifa na mnara uliopokea mawimbi.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana Desemba 2016, pale Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alipokamatwa na kufikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kiini cha shauri hilo kilikuwa swali moja: ni nani aliyeandika? Swali hilo huelekezwa kwa mwenye jukwaa kwa sababu yeye ndiye mwenye anwani za wageni wake. Mtumiaji anayefika katika jukwaa kupitia Tor huacha anwani ya kituo cha mbali badala ya anwani ya laini yake. Ndiyo maana mwandishi wa habari, mfanyakazi anayetoa taarifa za ubadhirifu, mtafiti wa mada nyeti au mgonjwa anayetafuta maelezo ya maradhi asiyotaka yajulikane anaweza kuwa na haja halali ya mtandao huo.

Hata hivyo, mtandao wa Tor huwakatisha tamaa wengi katika dakika za mwanzo. Programu hukwama, kivinjari hutoa ujumbe wa kukataliwa, na mtumiaji huanza kubadilisha mipangilio bila mpangilio. Makala hii inachukulia kipindi hicho cha mwanzo kuwa ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote.

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Mtandao wa Tor

Wazo la kupitisha mawasiliano katika tabaka za usimbaji fiche lilibuniwa katikati ya miaka ya 1990 katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani na David Goldschlag, Michael Reed na Paul Syverson. Programu ya Tor ilitolewa kwa umma mwaka 2002. Muundo wake ulielezwa mwaka 2004 na Roger Dingledine, Nick Mathewson na Syverson, na taasisi isiyo ya kibiashara inayousimamia, The Tor Project, ilianzishwa mwaka 2006.

Mawasiliano ya mtumiaji hupitia vituo vitatu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali. Kituo cha kwanza kinamjua mtumiaji lakini hakijui anakokwenda. Cha tatu kinajua anakokwenda lakini hakimjui mtumiaji. Cha kati hakijui lolote kati ya hayo mawili. Njia hiyo ya vituo vitatu huitwa saketi. Ili kuijenga, programu huhitaji kwanza orodha ya vituo vilivyopo, ambayo hutolewa kila saa na mamlaka chache za orodha kwa njia ya waraka wa makubaliano uliotiwa sahihi.

2.2 Mawakala wawili

Neno wakala, mtaani, humkumbusha msikilizaji mtu aliyekaa chini ya mwavuli akitoa na kupokea fedha kwa simu. Mfano huo unasaidia: wakala ni yule anayefanya muamala kwa niaba ya mwingine. Katika mtandao wa Tor kuna mawakala wa aina mbili, na sehemu kubwa ya hitilafu hutokana na kuwachanganya.

Wa kwanza ni wakala wa ndani. Huyu ni programu ya Tor yenyewe, inayokaa ndani ya kifaa cha mtumiaji na kusikiliza katika mlango maalumu. Mlango hapa ni nambari inayotenganisha huduma moja na nyingine ndani ya kifaa kimoja. Programu ya Tor inayojitegemea husikiliza katika mlango 9050, ilhali ile inayokuja pamoja na Tor Browser katika kompyuta husikiliza katika mlango 9150. Lugha inayozungumzwa katika milango hiyo ni itifaki ya SOCKS, ambayo toleo lake la 5 lilisanifishwa Machi 1996.

Wa pili ni wakala wa nje. Huyu hukaa kati ya kifaa na intaneti: kwa mfano, seva ya chuo, ofisi au kibanda cha intaneti ambayo kila kompyuta lazima ipitie. Tor haimhitaji wakala huyu isipokuwa pale mtandao wenyewe unapomlazimisha mtumiaji kumpitia. Kwa ufupi, kivinjari humwendea wakala wa ndani, na wakala wa ndani, inapolazimu, humwendea wakala wa nje. Anayeandika anwani ya wakala wa nje katika nafasi ya wakala wa ndani ameitoa Tor katika njia bila kujua.

3.0 Ujumbe wa Kukataliwa kama Kinga

Kivinjari kilichoelekezwa katika mlango 9150 hakiwezi kufungua ukurasa wowote ikiwa hakuna programu inayosikiliza katika mlango huo. Hutoa ujumbe kwamba seva ya wakala inakataa miunganisho. Maana yake ni nyepesi: programu ya Tor haijaanza, imezimika, au inasikiliza katika mlango mwingine.

Jambo linalopuuzwa ni kile ambacho kivinjari hakikufanya. Kingeweza kuachana na wakala na kwenda moja kwa moja katika tovuti kwa kutumia anwani ya laini ya mtumiaji. Ukurasa ungefunguka, mtumiaji angeridhika, na utambulisho wake ungekuwa umekwishaandikwa katika kumbukumbu za kampuni ya simu na za tovuti. Kivinjari kilichagua kushindwa kuliko kumfichua. Katika usanifu wa mifumo ya usalama, tabia hii hulinganishwa na mlango unaojifunga umeme unapokatika.

Kutokana na msingi huo, makala inapendekeza kigezo kimoja cha kupima kila hatua ya utatuzi: je, hatua hii ikishindikana, itamwacha mtumiaji bila muunganisho, au itamwacha na muunganisho usio na kifuniko? Hatua za aina ya kwanza zinakubalika. Za aina ya pili hazikubaliki hata zikifanikisha kufungua ukurasa.

4.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Utaratibu ufuatao unaanza na sababu za kawaida zinazopimika kwa urahisi na kuishia na zile zinazohitaji ushahidi zaidi. Mpangilio huu una faida ya ziada: unamzuia mtumiaji kudhani kwamba amezuiwa na mamlaka, ilhali kifurushi chake ndicho kilichokwisha.

4.1 Kifurushi na mtandao wenyewe

Kauli ya kawaida ya mwenye tatizo ni kwamba intaneti ipo kwa kuwa WhatsApp inafanya kazi. Kauli hiyo haitoshi. Kampuni za simu nchini huuza vifurushi vya mitandao ya kijamii vinavyoruhusu huduma chache zilizotajwa pekee. Mtumiaji aliyebakiwa na kifurushi cha aina hiyo atapokea ujumbe wa WhatsApp bila shida, huku Tor ikishindwa kufikia kituo hata kimoja. Vilevile, bando likiisha, baadhi ya mitandao huelekeza kila ombi katika ukurasa wa kununua salio. Tor haiwezi kuutambua ukurasa huo, hivyo hukwama kimya. Kipimo sahihi ni kufungua, kwa kivinjari cha kawaida, tovuti isiyo nyeti ambayo haimo katika kifurushi cha kijamii.

Hitilafu inaweza pia kuwa ya nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi katika Afrika Mashariki. Katika hali kama hiyo kurasa za nje hufunguka kwa taabu au hazifunguki kabisa, na kurekebisha wakala hakusaidii chochote.

4.2 Saa ya kifaa

Waraka wa makubaliano hutolewa kila saa na huhesabiwa kuwa halali kwa saa 3. Tor huvumilia tofauti ndogo, lakini kifaa ambacho saa yake imepotoka kwa siku nzima au zaidi hukataa waraka halali kwa kuudhani kuwa umepitwa na wakati, au kwamba haujafika wakati wake. Huduma zilizofichwa ndani ya Tor zina uvumilivu mdogo zaidi, hivyo mtumiaji anaweza kufungua tovuti za kawaida na kushindwa kufungua anwani zinazoishia na .onion.

Mambo mawili ya kimazingira yanastahili kuangaliwa. Kwanza, mtu anayesahihisha saa kwa mkono anaweza kuandika saa 2 kwa hesabu ya Kiswahili, ilhali kifaa kinasubiri saa 8. Tofauti ya saa 6 huzaliwa hapo. Pili, kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kubaki katika majira ya nchi nyingine. Mmiliki akisahihisha sura ya saa bila kubadilisha majira, saa huonekana sawa kwa macho lakini wakati wa kimataifa ambao Tor huutumia unakuwa na kosa. Tanzania ipo saa 3 mbele ya wakati wa kimataifa, na mpangilio wa majira ndio unaopaswa kukaguliwa kabla ya sura ya saa. Katika simu, kuruhusu mtandao uweke saa wenyewe hutosha kwa kawaida.

4.3 Asilimia za kuunganishwa

Tor inapoanza huonesha maendeleo kwa asilimia. Watumiaji wengi huzichukulia kama kipimo cha subira tu, ilhali kila asilimia ni jina la hatua. Mahali inapokwama ndipo penye jibu.

(i) Asilimia 1 hadi 4: programu inajaribu kumfikia wakala wa nje au daraja. Ikiwa mtumiaji hakukusudia kutumia lolote kati ya hayo, basi kuna mpangilio uliobaki tangu zamani, na unapaswa kuondolewa.

(ii) Asilimia 5: programu inatafuta kituo cha kwanza. Kukwama hapa humaanisha kwamba hakuna mtandao, au kwamba anwani za vituo zimezuiwa.

(iii) Asilimia 10 hadi 14: kituo kimepatikana lakini mapatano ya usimbaji hayakamiliki. Dalili hii huashiria kuwapo kwa kifaa cha kati kinachokagua mawasiliano na kuyakata.

(iv) Asilimia 30 hadi 50: orodha na maelezo ya vituo vinapakuliwa. Kukwama hapa mara nyingi hutokana na mtandao dhaifu au saa isiyo sahihi. Upakuaji huu hutumia megabaiti kadhaa, jambo lenye uzito kwa mwenye kifurushi kidogo.

(v) Asilimia 75 na kuendelea: orodha imekamilika na saketi inajengwa. Asilimia 100 ikifikiwa na kurasa bado hazifunguki, tatizo halipo tena katika mtandao wa Tor bali kati ya kivinjari na wakala wa ndani, au katika tovuti inayotembelewa.

Kwa hiyo, mtu anayeomba msaada anapaswa kutaja asilimia kabla ya jambo lingine lolote. Maelezo kwamba “Tor haifanyi kazi” hayamsaidii anayeulizwa.

4.4 Mlango na itifaki

Kosa la mlango ni rahisi kuligundua: programu nyingine imeelekezwa katika 9050 ilhali Tor Browser inasikiliza katika 9150, au kinyume chake. Kosa la itifaki hujificha zaidi. Mtumiaji huandika anwani na mlango sahihi, lakini katika nafasi ya wakala wa HTTP badala ya SOCKS. Kivinjari basi hutuma ombi la HTTP katika mlango unaosubiri SOCKS.

Kumbukumbu za Tor hulieleza kosa hili kwa namna inayowashangaza wengi: husema kwamba toleo la 71 la SOCKS halitambuliki. Toleo la 71 halijawahi kuwapo. Baiti ya kwanza ya ombi la SOCKS hutaja toleo, yaani 4 au 5. Ombi la HTTP, kwa upande wake, huanza na neno GET, na herufi G katika msimbo wa ASCII ni 71. Ikionekana 67, basi herufi ya kwanza ilikuwa C, yaani neno CONNECT. Namba hiyo moja inatosha kuthibitisha kwamba mlango ni sahihi, Tor iko hai, na kilichokosewa ni aina ya wakala.

Katika mitandao ya vyuo na ofisi, hitilafu huwa upande wa wakala wa nje. Wakala huyo anaweza kudai jina na nywila, na hapo hurudisha jibu namba 407. Anaweza pia kuruhusu milango 80 na 443 pekee, ilhali vituo vingi vya Tor hutumia milango mingine. Tor Browser ina sehemu ya kuandika anwani ya wakala wa nje na sehemu ya kutaja milango inayoruhusiwa. Taarifa hizo huwekwa katika mipangilio ya Tor, na kamwe haziwekwi katika mipangilio ya wakala ya kivinjari.

4.5 Mazingira ya simu

Katika simu za Android, programu ya Orbot hutoa wakala wa SOCKS katika mlango 9050 na wa HTTP katika mlango 8118, na inaweza kupitisha programu nyingine kwa kujitambulisha kwa mfumo kama VPN. Android huruhusu VPN moja tu kwa wakati mmoja. Mtumiaji anayewasha VPN nyingine baada ya Orbot huwa ameiondoa Orbot katika nafasi hiyo.

Tatizo la pili ni uokoaji wa betri. Simu nyingi za bei nafuu huja na mfumo mkali unaozima programu zilizo nyuma ya skrini ili chaji idumu. Orbot huzimwa mtumiaji anapohamia katika programu nyingine, na programu zilizokuwa zikipitia humo zinaweza kurudi katika mtandao wa kawaida bila onyo. Hali hii inavunja kigezo kilichotajwa katika sehemu ya 3.0: kushindwa hapa hakufungi mlango, kunauacha wazi. Tiba yake ina sehemu mbili. Orbot iondolewe katika orodha ya programu zinazobanwa na uokoaji wa betri. Na katika Android 8 au toleo la juu zaidi, mtumiaji awashe chaguo la VPN ya kudumu pamoja na lile la kuzuia mawasiliano yasiyopitia VPN. Chaguo la pili huirudisha simu katika tabia salama ya kukataa.

Aidha, Tor hubeba mawasiliano ya TCP pekee. Simu za sauti na video zinazotumia UDP hazitapita, na kushindwa kwake si dalili ya hitilafu ya wakala.

4.6 Udhibiti na madaraja

Baada ya hatua zilizotangulia ndipo swali la udhibiti linapostahili kuulizwa. Tanzania ina historia inayolifanya swali hilo kuwa la haki. Muda mfupi kabla ya uchaguzi mkuu wa 28 Oktoba 2020, upatikanaji wa Twitter, WhatsApp na huduma nyingine ulivurugwa. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kote na kurejea baada ya siku kadhaa.

Matukio haya ni ya aina mbili tofauti kiufundi. Kuzuia huduma fulani kunaacha sehemu nyingine ya mtandao ikiwa hai, na hapo Tor inaweza kusaidia. Kukata mtandao wote hakuachi njia ya kupitia, na hakuna mpangilio wa wakala unaoweza kutibu hali hiyo. Mtafiti au mtumiaji asiyetenganisha aina hizi mbili atapoteza muda akijaribu madaraja mahali ambapo hakuna mto wa kuvuka.

Daraja ni kituo cha kwanza ambacho hakimo katika orodha ya umma, hivyo ni vigumu kukizuia kwa anwani. Madaraja ya obfs4 huyapa mawasiliano sura isiyotambulika. WebTunnel, iliyotangazwa Machi 2024, huyafanya yafanane na matembezi ya kawaida katika tovuti salama. Snowflake hupitisha mawasiliano kwa watu wa kujitolea wanaobadilika mara kwa mara. Kwa kuwa Snowflake hutegemea UDP katika hatua yake ya kwanza, aina ya ugawanaji wa anwani unaofanywa na mtandao wa simu inaweza kuikwamisha. Ikishindwa, obfs4 au WebTunnel ijaribiwe kabla ya kuhitimisha kwamba njia zote zimezibwa. Tangu Julai 2022, Tor Browser ya kompyuta ina msaidizi anayependekeza daraja pale muunganisho wa moja kwa moja unaposhindikana.

4.7 Tovuti inayotembelewa

Wakati mwingine kila kitu kiko sawa isipokuwa tovuti yenyewe. Orodha ya vituo vya mwisho vya Tor ni ya umma, na tovuti nyingi huvikataa au hudai mgeni athibitishe kwamba ni binadamu. Jibu namba 403 hutoka katika tovuti. Halitoki kwa wakala. Kuomba saketi mpya kwa tovuti hiyo ndilo jaribio linalofaa.

5.0 Tiba za Haraka Zinazopaswa Kuepukwa

Tiba ya kwanza ni kuchagua “bila wakala” katika mipangilio ya kivinjari. Ukurasa hufunguka papo hapo, na ndiyo sababu tiba hii huenea kwa mdomo. Kwa kigezo cha makala hii, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ujumbe wa hitilafu huondoka pamoja na kinga yenyewe.

Tiba ya pili ni kuelekeza kivinjari cha kawaida kwa wakala wa SOCKS bila kuhakikisha kwamba majina ya tovuti nayo yanapitia humo. SOCKS ya toleo la 4 hupokea anwani za namba pekee, hivyo jina la tovuti lazima litafsiriwe kwanza nje ya Tor. Kampuni ya simu haitaona yaliyomo, lakini itaona jina la tovuti iliyoulizwa. Toleo la 5 linaruhusu jina kupelekwa kwa wakala, ila si kila programu hufanya hivyo bila kuagizwa. Katika programu ya curl, kwa mfano, chaguo la socks5 hutafsiri jina katika kifaa, ilhali socks5-hostname hulipeleka ndani ya Tor. Tofauti ya neno moja inabadilisha nani anajua nini. Kumbukumbu za Tor hutoa onyo pale programu inapoleta anwani ya namba badala ya jina, na onyo hilo halipaswi kupuuzwa.

Tiba ya tatu ni kutumia mawakala wa bure waliotangazwa hadharani. Wakala mmoja wa aina hiyo anamjua mtumiaji na anajua anakokwenda, jambo ambalo saketi ya vituo vitatu ilibuniwa kulizuia.

Tiba ya nne ni kufuta programu na kuisakinisha upya kila inapokwama. Tor hukitunza kituo chake cha kwanza kwa muda mrefu kwa makusudi; kukibadilisha mara kwa mara huongeza uwezekano wa kuangukia kituo chenye nia mbaya. Usakinishaji upya pia hupakua orodha yote tena na kula kifurushi. Mbaya zaidi, nakala mpya mara nyingi hutoka kwa rafiki kupitia WhatsApp au kwa fundi wa simu, bila sahihi yake ya kidijiti kuthibitishwa.

Badala ya tiba hizo, mtumiaji anapomaliza marekebisho afungue ukurasa wa ukaguzi wa The Tor Project, check.torproject.org, kabla ya kuingia katika tovuti anayoikusudia. Ukurasa huo hueleza iwapo muunganisho umepitia Tor. Ukaguzi huo huchukua sekunde chache na ndio unaotenganisha kufanikiwa kuunganishwa na kufanikiwa kujilinda.

6.0 Mipaka ya Utaratibu

Utaratibu huu haumfanyi mtumiaji asionekane. Kampuni ya simu inaweza kuona kwamba laini fulani inawasiliana na vituo vya Tor, isipokuwa pale daraja linapofaulu kuficha hilo. Anayeingia katika akaunti yenye jina lake halisi amejitambulisha mwenyewe, hata saketi ikiwa kamilifu.

Upo pia mpaka wa kisheria. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kumiliki au kusambaza teknolojia inayowezesha kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watu binafsi na kampuni ambazo shughuli zao zinahitaji VPN kutoa taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Yeyote anayefundisha au kutafiti teknolojia hizi nchini anapaswa kuwaeleza washiriki wake hali hiyo kabla ya kuwaonesha mpangilio wa kwanza.

7.0 Hitimisho

Hitilafu za wakala katika mtandao wa Tor zinaonekana kuwa nyingi, lakini zinajibiwa kwa maswali machache yanayoulizwa kwa mpangilio: kifurushi kinaruhusu nini, saa na majira ni sahihi, asilimia imekwama wapi, mlango na itifaki vinalingana, simu imeizima programu, kuna uzuiaji wa huduma au ukataji wa mtandao wote, na je, tovuti ndiyo inayokataa? Mengi ya maswali hayo hayahitaji utaalamu wa mitandao. Yanahitaji mtumiaji asome kile ambacho programu imekwisha kumwambia.

Mchango mkuu wa makala ni kuuhamisha ujumbe wa kukataliwa kutoka katika orodha ya makosa na kuuweka katika orodha ya kinga. Mafunzo ya usalama wa kidijiti yanayotolewa kwa waandishi wa habari, wanafunzi na asasi za kiraia jijini Dar es Salaam yangefaidika kwa kuanzia hapo. Mkufunzi azime Tor kwa makusudi mbele ya washiriki, awaoneshe kivinjari kikikataa kufungua ukurasa, kisha awaeleze kwamba siku watakapoukuta ujumbe huo wakiwa peke yao, jambo la kwanza la kufanya ni kutogusa chochote hadi wajue sababu yake.